Jiwe Lililoitika Uani

Mungaa, 3 Agosti 1997

Wifi yangu mpenzi Eliza,

Bwana Yesu asifiwe. Hali yako hapo Itigi? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Shemeji Laurenti na kazi ya stesheni, na watoto, wote hawajambo? Sisi tunamshukuru Mungu, ila kaka yako Simeoni goti linamnyima raha kila asubuhi, anatembea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Asali yako imefika. Chupa moja ilivuja kwenye mzigo wa mitumba wa yule aliyeileta, akanigombeza mpaka nikamwambia basi hayo makoti yalambe.

Huku tuna wageni. Ni kampuni ya madini. Tangu serikali ifungue milango kwa kila mwenye mtaji, watu wa namna hii hawatushangazi tena, lakini hawa wana kazi ambayo sijapata kuiona. Wanatafuta mashimo ya kale waliyoacha Wajerumani, na miamba iliyojificha. Fundi wao mmoja, Chrispin, kijana wa Dodoma mwenye adabu, anakula kwangu. Wanatandika waya mrefu shambani, kwenye waya wanachomeka vitu vidogo kama misumari yenye vichwa, wenyewe wanaviita masikio. Halafu jitu moja la miraba minne linapiga bamba la chuma kwa nyundo.

Nikamwuliza, "Mwanangu, mnaipiga ardhi kwa kosa gani?"

Akacheka. Akasema ardhi ikipigwa inatetema, na mtetemo unakwenda chini kama mawimbi ya maji kwenye karai. Ukipita kwenye udongo mtupu unakwenda zake. Ukikuta jiwe au uwazi unagonga, unatawanyika kila upande, na sehemu yake inarudi juu. Masikio yanausikia huo uliorudi, na yeye akiangalia umefika kwenye sikio lipi kwanza na lipi baadaye, anajua kitu kimelala wapi.

"Kwa hiyo mnaona mpaka chini?"

"Hatuoni, mama. Tunasikia tu. Na mashine haijui majina ya vitu."

Kaka yako akadakia, "Basi ilete tumboni kwangu isikilize kama kuna nyama, maana huyu mama ananipa mlenda tangu Pasaka." Tulicheka.

Sasa wifi, jambo lenyewe nakuambia wewe peke yako. Mkwe wetu, mke wa mwanetu Joshua, mimba ya pili nayo imetoka. Walimlaza hospitali ya misheni, akarudi mikono mitupu, hata kulia halii. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Nimesimama mara nyingi nikawakemea wanaokwenda kwa waganga. Lakini moyo wangu hautulii. Dada Leah, mjane wa shemeji Mughwai, yule tunayekaa naye boma moja, ana sehemu moja nyuma ya nyumba, kati ya kwake na kwangu. Hapo hataki ng'ombe afungwe, hataki mtu amwage majivu, na nimemkuta amekaa hapo peke yake bila kazi mkononi. Kuna kitu amefukia. Nakusudia kumwomba Chrispin apitishe waya wake hapo. Nitamwambia natafuta mahali pa kuchimba kisima.

Najua ni uongo. Niombee.

Wifi yako,
Dina

* * *

Itigi, 14 Agosti 1997

Wifi Dina,

Salamu katika Bwana. Sisi wazima, kikohozi kinakwenda na kurudi. Shemeji yako anakusalimu sana, wiki hii kachaguliwa mzee wa kanisa, kwa hiyo nyumba yetu imekuwa kama ofisi.

Pole kwa mkwe. Nimeumia. Mwambie namkumbuka.

Lakini wifi, hilo la waya usilifanye. Zile kuta za tembe la marehemu baba ni udongo mtupu, nyundo itaziangusha. Tena watu watasema nini, mwenyekiti wa akina mama anatafuta uchawi kwa mashine ya Wazungu? Leah ni mjane, hana mtoto, mwache akae anapotaka kukaa. Wewe uliolewa pale ukamkuta. Mimi nimeishi naye kabla sijaolewa na sijamwona na baya.

Ni upande gani hasa unaosema? Ni karibu na ghala la zamani au ni kule kwenye mti wa mkungugu? Nijulishe. Na msichimbe chochote kabla sijakujibu.

Nakuomba, wifi.

Eliza

* * *

Mungaa, 20 Agosti 1997

Wifi Eliza,

Bwana asifiwe. Sijapata jibu lako, nadhani barua imelala Manyoni kama kawaida. Naandika kwa haraka kwa sababu mambo yamekwenda.

Chrispin alikubali. Jumamosi, wenzake wakiwa mnadani, alikuja na waya mfupi na masikio machache, akayapanga karibu karibu, karibu na ghala la zamani. Alisema kwa vitu vya juu juu haihitaji lile jitu, akapiga mwenyewe kwa nyundo ndogo. Kuta hazikutikisika. Dada Leah alikuwa kisimani. Nilichagua saa hiyo kusudi, na hata sasa nikiandika uso unaniwaka.

Akapiga, akasogeza, akapiga tena. Halafu akakunja paji.

"Hapa kuna kitu kinaitika."

"Kitu gani?"

"Kigumu, kipana kama sinia. Kimelala kina cha kiuno cha mtu. Na chini yake sauti inakuja vingine, kama pana uwazi kidogo. Sasa mama, huku Singida jiwe si habari, mawe mnayo kuliko mbuzi. Kwa kisima hapa hapafai. Kachimbe kule bondeni."

Akafunga vitu vyake, akaenda zake. Jiwe pana limelala sawasawa, na chini yake uwazi. Jiwe gani la Mungu linajiweka hivyo lenyewe? Nikamwambia Simeoni usiku uleule. Akasema, "Kama kipo kitoke hadharani, si kwa kificho." Amemwita mwinjilisti na wazee wa kitongoji. Watachimba Jumapili baada ya ibada.

Dada Leah ameniletea mboga za kunde leo asubuhi. Nikazipokea. Nikamwambia asante. Wifi, nimezipika na nimezila.

Tuombee ukweli utoke.

Dina

* * *

Itigi, 26 Agosti 1997

Dina,

Barua yako ya tarehe ishirini imefika leo. Kama Jumapili uliyosema ni iliyopita basi nimechelewa. Kama bado, nakuomba kwa jina la Yesu, msichimbe. Mwambie kaka ni mimi nimesema. Asiniulize sababu. Nimemwomba Laurenti ruhusa ya kuja Mungaa, ameuliza kuna msiba gani.

Hii nampa mtu wa treni mkononi. Nijibu kwa huyohuyo.

Eliza

* * *

Mungaa, 28 Agosti 1997

Wifi yangu Eliza,

Nakusalimu. Mtu wako amenikuta nimekaa tu mlangoni, kazi zimenishinda. Ile ya kwanza nayo imefika, mbili kwa pamoja. Umechelewa, wifi. Tulichimba.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, maana nina shida moyoni na sijui ni shida gani.

Walikuja watu wengi kuliko wale wa ibada. Wengine hata Krismasi sijawaona kanisani. Dada Leah alitoka ndani akasimama kwenye kizingiti. Simeoni akamwambia kwa heshima, "Shemeji, tunataka kuchimba hapa. Una neno?" Akasema, "Ninalo. Nawaomba msichimbe." Mwinjilisti akamwuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna cha kumdhuru mtu." Basi. Watu wakaanza kunong'ona.

Joshua ndiye alichimba. Kwenye kina kile alichosema Chrispin jembe likagonga. Lilikuwa jiwe la kusagia, la zamani, limelazwa kifudifudi. Chini yake chungu kimefunikwa kwa kigae. Wanawake wakapiga yowe. Joshua akakiweka juu, na kile kigae kikateleza. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Niliona kitambaa kilichooza, chenye shanga nyeupe, na vitu vidogo vyembamba kama njiti. Mzee mmoja akasema, "Mifupa ya kuku. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Hapo dada Leah akaja. Watu walimpisha kwa woga. Akavua kanga ya mabegani akakifunika kile chungu, akapiga magoti pale kwenye udongo. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mnamwona anavyokibembeleza!" Wakacheka. Yeye akaniangalia mimi, si wao. Akasema, "Dina, usiwaache wakichome. Hilo tu."

Simeoni akamwambia aondoke bomani mpaka mchungaji aje. Amekwenda kwa ndugu yake Unyambwa, na kifurushi kimoja. Chungu kipo ghalani chini ya kanga yake. Mchungaji anakuja Jumapili ya tarehe saba, na watu wanasema kitachomwa mbele ya kanisa. Tangu siku ile akina mama wananisifu. "Mwenyekiti, Mungu amekutumia." Kila wakisema natamani kujificha.

Kwa nini ulisema tusichimbe? Na ghala ulilijuaje, wakati mimi sikuwa nimelitaja?

Dina

* * *

Itigi, 2 Septemba 1997

Wifi Dina,

Sina salamu za kuandika. Nimekaa nyuma ya stoo ya asali, nimemwambia Laurenti nahesabu madebe.

Si kuku. Ni mtoto wangu.

Nilikuwa msichana, wewe hujaja kwetu bado. Kaka alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga, na aliporudi kwa likizo mama akamwambia nina malaria ya kuambukiza, asiingie chumbani. Baba wa mtoto usimwulize, hayumo katika habari hii. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, hakulia. Alikuwa wa kiume. Leah ndiye alinishika mgongo, na yeye alikuwa bibi harusi mbichi, hajui hata njia ya kisimani. Kwa wazee wetu mtoto ambaye hakulia hapelekwi makaburini kwa wanaume. Wanawake humzika nyuma ya nyumba, ndani ya chungu ili alale kama tumboni, na hakuna kumtaja tena. Kitambaa kilikuwa kipande cha gauni langu. Shanga alizitoa Leah shingoni mwake. Jiwe walililaza juu wao wawili, yeye na mama, kwa sababu ya fisi.

Mimi sikuwahi kukanyaga pale tena. Niliolewa, nikaja huku, nikajiambia imekwisha. Kumbe alikuwa anakaa naye mwingine kwa niaba yangu. Leah hakujaliwa mtoto. Nadhani ndiyo maana.

Amefukuzwa na hakunitaja. Wifi, angesema neno moja tu mbele ya wote wangemwacha. Na mimi niliposoma barua yako ya kwanza nilijua kila kitu, nikakuandikia habari za kuta za udongo. Ningekuandikia haya siku ile, asingefukuliwa. Nilimwogopa Laurenti, nikaogopa wenzangu wa kwaya, nikaogopa watoto wangu. Hata sasa naogopa.

Usikiache kichomwe. Ukiweza kunisitiri, nisitiri. Usipoweza, nitaje, lakini Leah arudi nyumbani kwake.

Eliza

* * *

Mungaa, 15 Septemba 1997

Wifi yangu, mdogo wangu Eliza,

Amani ya Bwana iwe nawe. Unaendeleaje na afya? Unakula? Mimi nimekaa muda mrefu bila kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naona haya. Leo nimesema liwalo na liwe.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Nikaisoma ghalani, karibu yake. Wifi, mimi ni mtoto wa misheni ya Kiomboi. Kwetu watoto hao walichukuliwa na manesi, au walizikwa makaburini na msalaba mdogo. Sikujua. Miaka yote niliyokaa kwenye boma hili hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilidhani kila nisichokijua ni cha shetani. Nilimwita kuku. Sikusema mimi, lakini nilinyamaza waliposema, na nyumbani niliitikia.

Jumamosi nilikwenda Unyambwa. Dada Leah alikuwa anapepeta uwele. Nikamsalimu shikamoo. Akaitikia, akaendelea kupepeta. Nikamwambia, "Dada, najua." Akasimamisha ungo. "Nani kakuambia?" Nikasema Eliza mwenyewe. Akakaa chini, akajifuta uso kwa upindo wa gauni, akasema, "Afadhali kasema mwenyewe. Mimi nilimwahidi mama mkwe, na mama mkwe amekufa, nani angenifungua?"

Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Akanizuia. "Usinipigie magoti mbele ya kuku hawa, Dina, watadhani una punje." Nilicheka nikilia. Lakini usidhani ameyamaliza. Alisema pia, "Ulikula mboga zangu huku umeshaita watu wa kuchimba."

Nikamwuliza nimwambieje mchungaji. Akasema, "Sema lako. La Eliza si lako."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Chungu sikukitoa. Mchungaji alipouliza kiko wapi, nikasimama. Nilisema hivi, nakuandikia kama nilivyosema: "Kile si uchawi. Ni kaburi la mtoto mchanga wa nyumba yetu, alizikwa na bibi kwa desturi za zamani. Mimi nilimdanganya fundi kwamba natafuta kisima, nikamshuku dada yangu Leah, nikasababisha mtoto afukuliwe na mjane afukuzwe. Hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Kisha mama mmoja kutoka nyuma akauliza kwa sauti, "Mtoto wa nani?"

Nikasema, "Wa nyumba yetu."

"Nyumba yenu ina wanawake wangapi, mwenyekiti?"

Watu wakaguna. Nikaona macho yanahama kutoka usoni kwangu kwenda tumboni kwangu, kama ninavyowajua, nami nilikuwa nafanya hivyohivyo kwa wengine. Ningeweza kusema si wangu. Neno lilifika mdomoni. Lakini nikisema si wangu, na si wa Leah, wanabaki kuhesabu wasichana waliozaliwa pale, na ni mmoja tu, wewe. Nikakaa bila kulisema. Uenyekiti nimeurudisha, hawakunisihi sana nibaki. Sokoni sasa wananisalimu haraka haraka. Wifi, usione vibaya, sikuandikii haya unishukuru. Ni haki yangu, nayabeba.

Chrispin alikuja kuaga, kampuni inahamia Sekenke. Alikuwa amesikia. Alisimama uani akaniambia, "Mama, ungeniambia ukweli nisingepiga nyundo pale. Bibi yangu Dodoma ana wawili nyuma ya nyumba." Sikumwangalia usoni.

Mkwe wetu naye. Nilimwambia mwenyewe, maana yote tulisema yanafanyika kwa ajili yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Mama, na wangu wako wapi?" Eliza, sijui. Pale hospitali walichukuliwa kwenye beseni na hakuna aliyeuliza. Sasa kila jioni anakwenda ghalani anakaa. Juzi nimemsikia analia, kwa mara ya kwanza.

Kaka yako hakusema nami tangu kanisani mpaka Jumatano. Nilifikiri anaona haya juu yangu, au anaamini yale ya tumboni, nami nilikuwa nimeamua kuyapokea hayo pia. Siku hiyo alitoa baiskeli mapema, na goti lake lile, sikujua anakwenda wapi. Alirudi jua linazama, anatembea, anaikokota baiskeli, na juu ya keria kuna kifurushi cha dada Leah, na dada Leah mwenyewe anakuja nyuma. Akaingia kwake. Simeoni akanawa, akala ugali wote, kisha akaniuliza taratibu, "Ile malaria ya Eliza. Utamwandikia wewe, au nimwandikie mimi?"

Nikasema nitaandika mimi. Akasema, "Mwambie sijamwuliza kitu. Mwambie aje nyumbani."

Laurenti hajui lolote, na kutoka kwetu hatajua. Utamwambia kwamba kaka yako anaumwa goti na anakuita. Si uongo, linamuuma kweli.

Dada Leah amekitoa chungu ghalani, amekiweka chumbani kwake. Anasema mara ya kwanza ulikuwa mgonjwa, wakamzika bila wewe, na safari hii hatamrudisha chini mpaka uje umshike. Shimo limefunikwa kwa mbao, fisi hawawezi. Anataka pia kujua kama wewe mwenyewe unataka alale palepale, au makaburini karibu na bibi yake. Mchungaji amesema hatakataa. Sisi hatuna la kuamua, ni lako.

Nakuomba unijibu upesi, hata mistari miwili, useme utapanda treni ya siku gani.

Wifi yako mwenye haya,
Dina